Kadi Iliyobaki Mfukoni

Mume wangu Twalibu alikuwa mtu wa taratibu, na nasema hivyo bila kumsifu. Mtu wa namna hiyo ukiishi naye nyumba moja anachosha. Viatu vya mlangoni lazima vitazame nje. Chumvi ina mahali pake, na ukiisogeza upande wa pili wa kinu ataiulizia utadhani imeibwa. Mimi Batuli nililelewa Ng'ambo hapahapa Tabora, katika nyumba ya kelele ambamo kijiko ulichokiona leo kesho hukioni. Nilidhani nitamzoea baada ya mwaka. Sikumzoea. Nilimpenda tu, na kumpenda mtu si kumzoea.

Baba yake alikuwa mfua bati. Watu wao walifika hapa na misafara ya zamani wakiwa wamebeba mizigo ya watu, na misafara ilipokwisha wakabaki, kama nusu ya mji wetu. Mzee alifua koroboi na ndoo barazani kwake, na mikono yake Twalibu aliirithi: vidole vyembamba visivyotetemeka. Lakini bati hakulitaka. Alisoma mpaka darasa la nane, na mwaka tulipopata Uhuru akaajiriwa katika ofisi iliyogawa dawa za ukoma vijijini. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu, nyuma ya bohari, na kazi yake ilikuwa kutunza kabati.

Kabati hilo niacheni nilieleze kwanza, maana bila kulijua hamtaelewa kilichotupata. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake ngumu, na pembezoni mwa kadi, pande zote, kulikuwa na matundu. Kila tundu lilikuwa na maana: haya ya kijiji, haya ya dawa, haya ya mwezi wa mwisho aliopata vidonge. Jambo likimhusu mgonjwa, tundu lake lilikatwa mpaka ukingoni likawa mwanya. Basi ukitaka wagonjwa wa kijiji fulani, unazipanga kadi pamoja, unapitisha sindano ndefu ya chuma kwenye tundu la kijiji hicho, unanyanyua na kutikisa. Kadi zenye mwanya zinaanguka mezani, nyingine zinabaki zikining'inia. Aliponionyesha mara ya kwanza nilicheka, nikamwambia huo ni uganga wa ramli. Yeye hakucheka. Sindano ya zamani ilipovunjika, baba mkwe alimtengenezea nyingine kwa spoki ya baiskeli, na hiyo ndiyo aliyoitumia mpaka mwisho.

Ndani ya mlango wa kabati zilibandikwa taratibu zilizokuja nalo kutoka huko lilikotengenezwa. Zilikuwa za Kizungu. Baada ya Uhuru Twalibu alikaa akazitia Kiswahili na kila mmoja akaupa jina. Raha yake ni kwamba hukuhitaji kuumiza kichwa upya kila siku. Hatua zilikwisha kupangwa na mtu mwingine: sindano ianzie wapi, ifuate wapi, kadi zilizoanguka ziwekwe wapi. Wewe unaita jina la utaratibu na kufuata. "Nani Yupo" uliangusha wagonjwa wote wa kupelekewa dawa mwezi huo. "Nieleze" ulisoma kadi moja tundu kwa tundu, ukakuambia yote yaliyojulikana juu ya mtu huyo. Kijiji kikibadilika jina kulikuwa na "Badili Jina", ila hukuruhusiwa kuuita kabla ya kuita "Nani Anashikilia". Huu ulikuletea kila kadi iliyolitegemea jina la zamani, usije ukalibadilisha jina ukamwacha mtu anashikilia hewa.

Huo wa mwisho ndio alioupenda kuliko yote. Wakija makarani wapya aliwasimamisha mbele ya mlango wa kabati na kuwaambia, "Kadi msiziguse kwa akili zenu. Iteni utaratibu. Mimi nikiugua, nikifa, atakayekuja ataita majina haya haya na atapata majibu haya haya." Halafu aliongeza, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu aliyarudia hata nyumbani: "Ila kabati halimjui mtu ambaye hamkumwingiza."

Haya. Sasa Maua.

Maua alikuwa mdogo wangu aliyenifuata ziwa. Aliolewa na Ngollo, mkulima wa tumbaku wa Itundulu, upande wa Sikonge, bwana mpole aliyesilimu kwa ajili yake. Siku moja ya Idi walikuja mjini. Maua akaepua sufuria ya wali jikoni kwa mkono mtupu, akaibeba mpaka ukumbini huku akizungumza. Sote tulimtania kwamba maisha ya shamba yamemkomaza. Twalibu peke yake hakutania. Aliangalia mkono ule, na kesho yake alfajiri akampeleka Maua kwa mganga wa ofisini kwao. Baka jeupe kwenye kigasha, halikuhisi sindano. Ulikuwa ukoma, lakini bado mchanga. Vidonge kila mwezi bila kukosa, alisema mganga, na mikono itabaki kama ilivyo.

Mama yetu, Bibi Kuluthumu, alimwita Twalibu chumbani kwake. Na mimi niliingia, ingawa sikuitwa.

"Baba," mama alimwambia, "nimesikia una kabati la watu wenye ugonjwa ule."

"Ndiyo, mama."

"Na wanaolifungua ni watoto wa hapa hapa mtaani."

"Ndiyo, mama. Lakini hawaruhusiwi kusema."

"Hawaruhusiwi!" Mama alicheka kicheko kikavu. "Jina la mwanangu likiingia mle asubuhi, adhuhuri liko sokoni. Nina binti mwingine hajaolewa. Nani ataposa kwenye nyumba hii? Nisitiri, mwanangu. Mpe dawa, lakini jina lake lisiingie."

Mkwe akikuomba umsitiri, utamjibu nini? Twalibu aliinamisha kichwa. Mama hakuridhika mpaka alipomwapisha. Basi Twalibu aliiandika kadi ya Maua kama kadi nyingine, akayakata matundu yake vizuri, halafu badala ya kuitia kabatini akaitia kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa kadi ya kweli isiyo na upungufu wowote, isipokuwa kwamba hapakuwa na sindano ya kuifikia. Kila jioni aliihamisha kutoka shati chafu kwenda shati safi. Nilipofua sikuwahi kuikuta.

Dawa ilikwenda hivi. Kasimiri alikuwa mpeleka dawa wa njia ya Sikonge, kwa baiskeli, mtu wa siri na rafiki wa Twalibu. Kila mwezi Twalibu alifunga vidonge kwenye kipande cha karatasi, akampa mkononi na kumwambia, "Hivi vya mke wa Ngollo." Kasimiri alimkabidhi Maua nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, akarudi na salamu na pengine chupa ya asali. Miaka ikapita hivyo. Mikono ya Maua ilikuwa mizima, alisuka ukili, alisuka nywele, na mama alijiona ameshinda. Nami niseme kweli, nilianza kudhani ameshinda.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Waliokuwapo wanaikumbuka. Watu walioishi mbalimbali porini waliambiwa wahamie pamoja, barabarani, kwenye vijiji vipya vyenye mistari iliyonyooka. Wengine walikwenda wakiimba. Wengine walipakiwa kwenye malori na mapaa yao yakang'olewa nyuma yao wasije wakarudi. Itundulu ilihamwa yote, na watu wake hawakupelekwa mahali pamoja. Hawa huku, hawa kule, kufuatana na lori lililotangulia.

Ofisini kwa akina Twalibu amri ilikuwa majina ya zamani yaondoke, yawekwe mapya. Wangeweza kuyafuta tu, na najua ofisi zilizoyafuta. Twalibu alikataa. Kwa kila kijiji kilichohamwa aliita "Nani Anashikilia". Kadi zikaanguka, na kwa kila kadi iliyoanguka alipeleka ulizo kwa wenyeviti wa vijiji vipya: mtafuteni mtu huyu, mjue yuko nyumba gani. Mpaka jibu lirudi hakuita "Badili Jina". Alikuwa akirudi macho mekundu, vidole vimechubuliwa na ile spoki. Wagonjwa wake wote walipatikana, hata kizee mmoja wa Itundulu aliyekuwa amechukuliwa na mjukuu mpaka Kaliua. Mkubwa wake alimpa mkono mbele ya watu.

Jioni ile alirudi na kukaa kwenye mkeka, hakuvua viatu. Akaitoa kadi mfukoni na kuiweka mbele yangu.

"Kasimiri amehamishwa," alisema. "Amepelekwa Choma, Igunga. Njia ya Sikonge amepewa Masolwa."

"Masolwa ni mtu gani?"

"Mwaminifu. Anafuata kabati neno kwa neno. Nimemfundisha mwenyewe."

"Na Maua yuko kijiji gani?"

Sote wawili tulikuwa tukiitazama ile kadi. Ilikuwa na mwanya kwenye matundu ya Itundulu, na Itundulu ilikuwa vichaka.

"Iingize, Twalibu," nilimwambia. "Iingize kesho asubuhi, uite huo utaratibu wako, umtafute kama ulivyowatafuta wa watu."

"Niliapa, Batuli."

Nilimshika mkono tukaenda kwa mama usiku haujaingia. Mama alikuwa akichambua mchele na binti wa posa alikuwa uani, maana wakati huo kitinda mimba wetu alikwisha poswa, na posa ilikuwa ya watu wazito. Twalibu alimwamkia mama kwa adabu yake yote, akaeleza. Mama aliendelea kuchambua.

"Harusi ni baada ya mfungo," alisema. "Ipite kwanza. Miezi michache si miaka."

"Mama, dawa haingoji harusi."

"Na aibu je, inangoja? Uliapa humu humu chumbani mwangu. Au kiapo cha watoto wa mfua bati ni cha bati?"

Nilipiga kelele. Niliyosema siku hiyo hayaandikiki, na mama alinifukuza na kapu la mchele mkononi. Lakini Twalibu aliyameza. Ndivyo alivyokuwa, na ndilo jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo, ingawa hayupo. Utaratibu wa kabati aliweza kuutetea mbele ya mkubwa yeyote. Mbele ya mkwewe akawa mtoto. Mganga hajigangi, wanasema watu, na mimi niliishi na mganga huyo.

Akafanya alichoweza nje ya utaratibu, yaani alipapasa. Kila mapumziko alipanda baiskeli akaenda kwenye vijiji vipya vya upande ule. Hakuweza kuuliza habari za mgonjwa, kwa hiyo aliuliza habari za Ngollo, mkulima wa tumbaku. Lo! Upande ule akina Ngollo ni wengi. Alielekezwa kwa Ngollo mchunga ng'ombe, kwa Ngollo mzee asiyeona, kwa Ngollo aliyefariki. Mahali pengine walimshuku kuwa mpelelezi wakamwambia hakuna mtu wa jina hilo. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akalala bila kula. Mtu aliyeweza kumpata kizee Kaliua bila kuinuka kitini, alikuwa hawezi kumpata shemeji yake mwenyewe.

Mfungo ukaja, ukaisha. Harusi ilifana. Pilau ilipikwa kwa masufuria ya kukodi, watu wazito walikuja na watu wao, na mama alicheza ngoma mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Nilimtafuta Twalibu katikati ya wageni nikamwona amesimama ukutani. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa shati, na hakuuondoa hata alipopewa sinia la chakula.

Kesho yake, vyombo havijaoshwa, alikwenda ofisini akaiingiza kadi. Aliita utaratibu mwanzo mpaka mwisho, kama kwa mgonjwa mwingine yeyote. Itundulu: nani anashikilia? Kadi ikaanguka, moja. Ulizo likaenda kwa wenyeviti. Kwanza likapitia mezani kwa Masolwa, na Masolwa alisoma jina na la mume wake akasema pale pale, bila hata ya kungoja jibu, "Huyu namjua. Yuko Kijiji cha Mapambano. Ndiye yule mama anayesimama."

Tulikwenda mimi na Twalibu, kwa lori la mbolea. Mapambano ilikuwa mistari miwili ya nyumba na katikati hakuna hata mti. Maua alitoka mlangoni, kapungua, kajitanda kanga mpaka mabegani. Alipiga magoti kidogo kama tulivyofundishwa utotoni.

"Shikamoo, dada. Shikamoo, shemeji."

Hakutoa mkono. Nilimfunua kanga mwenyewe. Yaliyokuwa chini yake sitayaeleza. Nitasema tu kwamba moto ulikuwa umemla bila yeye kuuhisi, kidonda kikazaa kidonda, na vidole vilivyosuka nywele zangu siku ya harusi yangu havikuwapo tena vyote. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia kwa sauti, majirani wakatoka.

Maua hakulia. Alizungumza na Twalibu, taratibu, kama mtu anayetoa maelezo aliyokuwa ameyatayarisha muda mrefu.

"Mwezi wa kwanza yule bwana wa baiskeli alipokuja, nilifurahi, shemeji. Nikasema umetupata. Alitoa majina, akaita mmoja mmoja. Walikuwapo watu wa Itundulu niliokuwa sijui hata kama wanaumwa. Nikasimama nao mpaka mwisho. Sikuitwa. Nikamwambia, mimi pia. Akasema, mama, jina lako halimo, siwezi kumpa mtu asiyekuwemo, nenda Tabora wakuandike. Nikamwambia shemeji yangu ndiye mwenye kabati." Alitabasamu kidogo. "Akacheka. Akasema kila mtu ana shemeji mjini."

"Kwa nini hamkuja?" Twalibu aliuliza, na sauti yake sikuitambua.

"Ngollo alitaka kuja. Baiskeli yetu ilikwenda na lori la kutuhamishia, haikurudi. Kisha tukakatazwa kutoka mpaka nyumba ziishe. Baadaye alitaka kutembea kwa miguu, nikamkataza mimi. Nikamwambia kama wamenitoa, watakuwa na sababu. Harusi inakaribia. Lakini nilisimama kila mwezi, shemeji. Nilisema labda wamenirudisha."

"Hatukukutoa, Maua."

"Basi nilikuwa wapi?"

Twalibu aligusa mfuko wa shati. Ulikuwa mtupu, lakini kitambaa kilikuwa kimechakaa kwa umbo la ile kadi, pembe nne zinaonekana. "Hapa," alisema. "Ulikuwa hapa. Niliapa kwa mama."

"Tangu tulipohama?"

"Tangu mwanzo."

Maua aliutazama mfuko ule.

"Kumbe sikuwahi kuwemo," alisema.

Tulimwomba aje kukaa kwetu mjini. Alikataa. Alisema Mapambano wote wanajua alicho nacho na wanamwita kunywa uji hivyo hivyo. Mama alimpelekea kanga mpya doti mbili, kwa mkono wa mtu. Zilirudi. Mama alikaa nazo miguuni miaka yote iliyobaki ya uhai wake, na mdogo wetu wa mwisho, ambaye ndoa yake ndiyo iliyotugharimu yote haya, alipojua habari alisema mumewe angemwoa hata hivyo. Mficha maradhi kilio kitamuumbua. Nilimwambia mama hivyo baadaye, mume wa Maua alipofariki, msibani, mbele ya watu, na sijutii.

Twalibu aliendelea na kabati mpaka lilipochoka, kadi zikakatika pembe na nyingine mpya hazikuletwa. Aliniomba niyafumue mashati yake yote, niondoe mifuko. Nilifumua. Yalibaki na alama ya mraba kifuani, na kuna watu walidhani ni mtindo. Hakuwafundisha tena makarani kwa maneno mengi. Aliwaonyesha mlango wa kabati, akawaachia wasome wenyewe, na lile neno lake la mwisho, la mtu ambaye hamkumwingiza, sikumsikia akilisema tena. Alikufa na homa, mwaka wa njaa ya unga wa njano, na ile spoki nimeihifadhi mimi.

Masolwa alikuja kwenye matanga. Ndiye aliyenisimulia habari za mwezi ule wa kwanza, baada ya kadi kuingizwa. Alikwenda Mapambano na dawa zake, watu wakajipanga, na Maua akasimama mahali pake pa siku zote, mwishoni. Masolwa akaita, "Maua binti Shabani." Hakuna aliyejibu. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, huku akimtazama usoni. Ilibidi mwanamke wa mbele yake ageuke amguse bega, amwambie, "Mama, ni wewe."